Ukuta wa Maabara ya Lugha

Ngo. Kimya kidogo. Ngo, ngo.

Aliyesikia alikuwa chini ya meza, kifudifudi, akifuata waya wa maikrofoni uliojisokota kwenye mguu wa kiti. Hakuona kitu ila vumbi na kifuniko cha kalamu. Alidhani ni yule fundi mwashi aliyeahidiwa kuja mchana, keshafika asubuhi kuja kuusumbua ukuta.

"Fundi, bado," alisema kutoka huko huko chini. "Kwanza nina shahidi. Ukuta wako hauna miguu, utaukuta palepale."

Ngo, ngo. Safari hii mlio ulitoka pembeni zaidi.

"Wewe fundi, husikii?"

"Mimi ni fundi wa makochi," sauti ya kike ilimjibu. "Na huyo shahidi ndiye mimi."

Alitoka chini ya meza kwa haraka ya aibu, akakigonga kisogo chake kwenye ubao. Mbele yake alisimama mama mnene wa makamo, mkoba ungali begani, konzi ya mkono wa kulia imegusa ukuta, sikio limeinama kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango. Hakugeuka kusalimia.

Pale kituoni kijana huyu walimwita Masikio. Jina lilimkaa vizuri, kwa kuwa hedifoni hazikumtoka shingoni hata akienda kula. Kazi ya kunasa sauti alijifundisha mwenyewe, kwa kufungua redio mbovu za jirani na kuzirudisha zikiimba, na alikuwa na majivuno ya mtu asiye na mwalimu wa kumshukuru. Kituo chenyewe kilikuwa cha utafiti, ndani ya chuo kikuu, jengo la nyuma. Wasomi wake walichunguza yale ambayo utawala uliopita uliwatendea watu, na jinsi nchi inavyoweza kuyakiri bila kuuma maneno. Kazi hiyo wenyewe waliiita haki ya mpito. Masikio hakulipenda jina hilo. Lilimfanya aione haki kama mgeni anayepita njia, hakaribishwi hata maji. Lakini kazi aliipenda. Watu waliokamatwa mwaka wa mgomo wa wanafunzi walikuja mmoja mmoja, wakakaa chumbani kwake, wakasema, naye akazihifadhi sauti zao.

"Karibu, mama, keti," alisema akisugua kisogo. "Naona umeupenda ukuta wetu."

"Mbona hauitiki?" Yule mama aligonga tena. "Nagonga, unameza."

Hapo alikuwa amemgusa penyewe. Masikio alisahau maumivu.

"Huo ndio ufalme wangu. Zamani hapa palikuwa maabara ya lugha, wanafunzi wanajifunza matamshi, kwa hiyo walijenga ukuta wa tabaka mbili na katikati wakashindilia. Wenzangu walitaka tukae lile jengo la mbele lenye madirisha makubwa. Nikawaambia, mnataka mwanga au mnataka sauti? Nikamchukua mhasibu wetu, nikamweka chumba cha pili, nikamwambia apige mayowe kama ameona nyoka. Na mhasibu yule ana koo, mama, akikukatalia ombi getini wanapata habari. Mimi nikakaa hapo uliposimama. Sikusikia hata pumzi." Akamalizia kama alivyowamalizia wageni wote: "Humu ndani ukiuawa, aliye chumba cha pili ataendelea kunywa chai yake."

Wageni wote walikuwa wakicheka wakifika hapo. Yule mama alishusha mkono.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema. Kwamba aliye chumba cha pili hasikii."

"Hasikii, mama. Nimepima mwenyewe."

Mama Makochi, maana ndivyo mtaa wake ulivyomwita, alianza kutembea. Alikwenda hadi mlangoni, akarudi. Akatazama juu, kwenye tundu la hewa lenye wavu. Akakanyaga zulia kwa kisigino, hapa, pale, kama mtu anayetafuta maji chini ya ardhi.

"Nenda huko chumba cha pili," alisema. "Funga mlango. Halafu uite."

"Niite nini?"

"Ita 'dada'. Ita kwa nguvu. Usione haya."

Masikio alikwenda. Chumba cha pili kilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika, nacho kilinuka karatasi zenye unyevu. Alifunga mlango, akaukabili ukuta, akaita. "Dada." Alijiona mjinga. Akaita tena, akaongeza, akazidi kuongeza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Jinsi alivyozidi kuita ndivyo alivyozidi kutopenda hilo neno linavyogonga ukuta na kumrudia usoni. Aliacha koo lilipoanza kumwasha.

Aliporudi alimkuta yule mama amekaa sakafuni, kwenye kona, chini ya tundu la hewa, miguu ameinyoosha na mkoba ameupakata.

"Huendi?" aliuliza.

"Nimekwenda na kurudi, mama. Nimeita mpaka nimekauka koo."

"Umeita?"

"Nimeita."

Akafunga macho. Baadaye akapigapiga zulia kwa kiganja.

"Chini ya hili kuna vigae vyekundu. Kimoja, hapa kwenye kona, kimepasuka. Mpasuko una vidole vitatu, kama mguu wa kuku. Funua."

Masikio alitafuta bisibisi, akang'oa misumari midogo ya pembeni, akakunja zulia. Gundi kuukuu ilitoka nalo vipande vipande. Vigae vilikuwa vyekundu. Kile cha kona kilikuwa na mguu wa kuku.

Alikaa chini naye. Kinasa sauti hakukiwasha. Hilo halikumjia hata akilini, na siku nyingine angejitukana.

Mama Makochi alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mteja kitambaa. Yeye alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mdogo wake wa kiume wa mwaka huo huo. Alikuwa kichwa, alirushwa darasa. Walikamatwa pamoja siku ya mgomo, wakafungwa vitambaa usoni, wakazungushwa kwenye gari mpaka wakapoteza dira. Alipofunguliwa macho alikuwa humu. Hakujua ni wapi. Siku zote amedhani ni mbali, kambi fulani nje ya mji. Alikaa kwenye kona hii akimsikiliza mdogo wake na hakusikia kitu, akajipa moyo kwamba wamemwachia. Walipomtoa walimfunga tena macho, wakamtupa barabarani. Mdogo wake hakutupwa popote. Hajaonekana mpaka leo.

"Utawala ulipoanguka, mlinzi mmoja alikuja nyumbani," alisema. "Dhamiri ilimsumbua, akaja kuitua kwetu. Alimwambia mama yangu kwamba mwanawe alikuwa chumba cha pili, kando yangu. Ukuta mmoja. Na kwamba aliniita mimi. Dada, dada, mchana kutwa."

Masikio alijipapasa koo, pale lilipokuwa likimwasha.

"Mama akaniuliza, hukusikia? Nikasema sikusikia. Tangu siku hiyo nampikia, anakula. Namwogesha, ananishukuru. Akiumwa ananiita mimi. Lakini hajaniamini hata siku moja."

Mlango ulifunguliwa. Aliingia Daktari, mkuu wa utafiti, mwanamke mwembamba mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa basi, na nyuma yake fundi mwashi, begani nyundo ya kuangusha ukuta.

"Masikio, kwa nini shahidi yuko chini? Viti vimeisha?"

"Daktari, ni hapa," Masikio alisema.

"Nini ni hapa?"

Alimweleza. Hakueleza kwa mpangilio, maneno yalikanyagana. Daktari alisikiliza amesimama, akachuchumaa, akakigusa kile kigae kwa ncha ya kidole, akanyanyuka. Rangi ya uso ilikuwa imempotea.

"Nimfuate nani?" fundi aliuliza. "Mimi nimeambiwa ukuta huu leo uwe chini. Nimekuja na toroli."

Kweli ndivyo ilivyokuwa imepangwa. Vyumba viwili viunganishwe, pawe ukumbi wa kusikilizia, wananchi waje wakae wasikilize sauti za mashahidi. Makamu mkuu wa chuo angekuja kuufungua. Daktari ndiye aliyeomba ukuta uvunjwe, na Masikio ndiye aliyemsaidia kuomba.

"Subiri, fundi," Daktari alisema. "Nimpigie msajili."

Alitoka na simu hadi ujiani, mlango akauacha wazi. Walimsikia akisema ndiyo, akisema hapana, akisema kwa heshima zote. Aliporudi alikuwa anaipiga simu pajani.

"Msajili anasema chuo hiki hakijawahi kuwa gereza la mtu yeyote. Anasema vigae vyekundu viko kila jengo. Kazi iendelee."

"Na mguu wa kuku uko kila jengo?" Masikio aliuliza.

"Usinihutubie."

"Sihutubu, Daktari, nauliza. Tumezunguka nchi nzima na maikrofoni, tukiuliza watu, mlifungwa wapi, mlifungwa wapi, kumbe tumepakalia. Tumepatandikia zulia. Mimi nimesimama hapa nikajisifu jinsi pasivyotoka sauti, na nyote mkacheka."

"Nilicheka, ndiyo," Daktari alisema taratibu. "Sasa nyamaza kidogo, nifikiri. Hasira yako siikatai, ila haizuii nyundo."

Fundi alikuwa ameishusha nyundo yake chini, bila kuambiwa. Alivua kofia, akaivaa tena.

Daktari alimgeukia Mama Makochi. Utafiti wake ulikuwa na sharti moja ambalo alikuwa hajalivunja: shahidi hatiliwi maneno mdomoni. Kwa hiyo aliuliza tu.

"Mama, wewe unataka nini?"

Mama Makochi alijishika ukutani, akainuka.

"Kibao cha shaba sitaki. Hotuba sitaki. Mtakayoandika mtaandika, ni kazi yenu, na nitasema kila kitu mkiwasha hiyo mashine. Lakini kabla hamjaugusa ukuta huu, nataka mama yangu akae humu, mtu aite huko. Basi. Mkiuvunja leo, nitakwenda kwake na nini? Nimwambie kulikuwa na ukuta, umevunjwa, niamini?"

Daktari aliutazama ukuta, kisha nyundo.

"Fundi," Daktari alisema, "leo utaanza na choo."

"Choo hakikuwa kwenye mapatano."

"Sasa kimo. Mlango wake haufungi, nao unatuvunjia heshima."

"Na msajili akiuliza?"

"Mwambie mimi ndiye nimekupeleka chooni."

Fundi alicheka shingo upande, akabeba nyundo, akaondoka na toroli lake likipiga kelele. Daktari alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akaujaribu mara mbili.

"Msajili anakuja kesho asubuhi yeye mwenyewe, kusimamia," aliwaambia. "Atakuja na mafundi wengine ikibidi, huyo namjua. Nitakaa mlangoni, nitasema mpaka ulimi uchoke, lakini sina mabavu. Mleteni bibi kabla yake. Masikio, nenda na mama. Akikataa, usimlazimishe. Unanisikia? Neno lako hilo hilo la moto, limeze njiani."

Njiani Mama Makochi hakukaa na mwendo mmoja. Mara alikwenda mbio, Masikio akawa nyuma anahema. Mara alisimama ghafla mbele ya duka la vifaa vya baiskeli akatazama minyororo bila kuiona. Kwenye kona ya mtaa wao aligeuka nyuma kabisa.

"Kesho pengine ni bora," alisema.

"Kesho asubuhi ukuta unavunjwa, mama. Hakuna kesho nyingine."

"Unajua nimewahi kutaka kumwambia nilisikia? Mara nyingi. Nikubali tu, nimwombe msamaha kwa kosa nisilolifanya, tule chakula kwa amani. Nafungua mdomo, neno halitoki. Ukaidi wa kwetu huo. Wake na wangu."

Sebule yao ilikuwa imejaa makochi yaliyovuliwa nguo, mbao na springi nje. Kati ya mifupa hiyo, kwenye kiti kimoja tu kilichokamilika, alikaa bibi mdogo wa umbo, mgongo wima, ubao wa kiti kuukuu mapajani na koleo mkononi. Alikuwa aking'oa misumari. Hakuinua kichwa.

"Umekuja na mwanamume," alisema kabla hawajavuka kizingiti. "Anaburuta kisigino cha kushoto."

"Shikamoo, bibi," Masikio alisema.

"Marahaba. Kiatu hicho kipeleke kwa fundi, kinakutangaza."

"Masikio yako makali, bibi."

"Namsikia panya akiwaza." Alidondosha msumari kwenye kopo. "Wewe ndiye wa chuo? Kaeni. Si hapo, hapo kuna springi itakuchoma."

Mama Makochi hakukaa.

"Mama, nimekiona chumba."

Koleo lilisimama.

"Chumba kipi?"

"Nilimofungiwa. Na alimofungiwa mdogo wangu, kando yake. Ni kule kule chuoni, nyuma. Nimeonyesha kigae, kimepatikana. Na ukuta, mama, ukuta haupitishi sauti. Huyu kijana ameita, mimi nimo ndani, sikujua hata kama ametoka."

Bibi alimtazama Masikio kwa mara ya kwanza.

"Uliita?"

"Niliita, bibi. Nawahakikishia kabisa kwamba—"

"Sijaomba uhakikisho. Nimeuliza uliita. Mlango ulikuwaje?"

"Nilifunga."

"Na dirisha?"

"Hakuna dirisha. Kuna tundu la hewa, linatoka nje upande wa pili."

"Siku hizo lilikuwepo?"

"Lilikuwepo," alijibu binti. "Nililala nikilitazama."

Bibi alirudia kung'oa. Msumari mmoja ulikuwa umezama, akahangaika nao.

"Watu wa chuo," alisema, "wanaweza kupima wakapata watakacho. Mlinzi hakuwa mtu wa chuo. Alikuja kwa miguu yake, akakaa hapo kwenye springi, akalia. Akasema mwanangu aliita dada mpaka sauti ikakauka. Na mlinzi alimsikia."

"Mlinzi alikuwa ndani naye, mama."

Koleo likateleza likagonga mbao. Bibi hakulijali.

Masikio alitaka kusema. Neno la moto lilikuwa limemjaa mdomoni, akalimeza, nalo likashuka vibaya kama kipande cha muhogo mkavu.

"Ungesema uliogopa," bibi alimwambia binti yake, polepole, "ningekuelewa. Mtoto wa miaka ile, ameziba masikio, nani asingemsamehe? Nilikungoja useme hivyo. Kila mwaka nilikungoja. Kilichonishinda ni kuona unanitazama machoni unasema hukusikia kitu. Nikasema, basi huyu hata kwenye maombolezo anataka kunidanganya."

"Sikudanganya."

"Ndivyo unavyosema."

"Njoo basi ukae mwenyewe. Kesho asubuhi, kabla msajili wa chuo hajaleta fundi kuuvunja kwa nyundo; daktari wa utafiti atatungoja mlangoni. Ukae nilipokaa mimi. Mimi nitakuwa huko, nitaita."

"Wewe hapana." Bibi alitikisa kichwa. "Wewe nikikusubiri kuniita nitakusikia hata usipoita. Nimekuzoea. Ataita huyu wa kisigino. Aite hilo hilo neno, asipunguze kwa kunionea huruma, na asimame mtu wa kumsimamia. Wewe utakaa nami mle ndani."

Mama Makochi alishika mgongo wa kochi tupu. Leo aliingia mle bila kujua anapoingia. Kesho angeingia akijua. Masikio aliona vidole vyake vikikaza kwenye mbao mpaka kucha zikageuka rangi.

"Nitakaa," alisema.

"Sakafuni?"

"Sakafuni, mama. Nitakutandikia godoro dogo."

"Ulitandikiwa wewe?"

"Hapana."

"Basi usinitandikie."

Nje mtoto wa jirani alipita akigongesha fimbo kwenye mabati. Bibi alisubiri mpaka mlio ukaisha, kama mtu anayesubiri wageni watoke ndipo aseme ya nyumbani. Akaweka koleo chini. Akaweka na ubao chini.

"Na nikisikia?" aliuliza.

"Ukisikia, umesikia. Nitarudi nyumbani nikupikie kama siku zote."

"Na nisiposikia?"

Binti alimtazama tu, mkoba begani. Tangu asubuhi ule mkoba haukuwa umemtoka mwilini.

Bibi alimwita kwa mkono, asogee. Alipomfikia alimshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto mdogo anayetaka kuangalia pembeni, akazungumza kwa sauti ambayo hata majirani wangeisikia, na ilikuwa wazi kwamba alitaka iwe hivyo.

"Nisiposikia, nitasimama mlangoni mle, mbele ya huyo daktari wenu, na huyo msajili, na fundi na nyundo yake, na nitawaambia kwamba binti yangu hakusema uongo. Sitasema nilikosea. Nitasema nilikudhulumu, miaka yote hii, ndani ya nyumba yangu, kwa chakula ulichonipikia mwenyewe. Nitalisema kwa mdomo wangu na wataliandika. Nakuahidi, mwanangu."